Kabureta Moja, Magari Manne

Daktari alipotangaza kwamba anauza magari yake, hakuna aliyemwamini, na mkewe ndiye aliyemwamini kidogo kuliko wote. Alikuwa kwenye kochi la sebuleni, miguu juu ya stuli, shuka limemfunika hadi kiunoni mchana kweupe, akamtazama mumewe kwa lile jicho ambalo zamani alikuwa akiwatazamia wanafunzi waliosema wameelewa.

"Unauza lipi?"

"Yote."

"Yote manne?"

"Mwalimu, yote ni yote."

"Homa unayo?" mkewe akauliza, akanyoosha mkono ampime paji la uso. Daktari akarudi nyuma. Homa hakuwa nayo, ila alijua akiguswa tu pale kwenye paji ataangua kilio kama mtoto, na siku hiyo hakutaka kuonekana analia.

Alikuwa daktari wa meno na mkewe mwalimu wa hesabu. Wote walishastaafu, lakini mtaa mzima uliendelea kuwaita hivyo, na wao wenyewe waliitana hivyo tangu wakiwa wachumba, mwanzoni kwa utani na baadaye kwa mazoea. Daktari alifunga kliniki siku mkono wake wa kulia ulipotetemeka juu ya mdomo wa mgonjwa. Hakusubiri kuambiwa. Tangu hapo vile vioo vyake vidogo vyenye mpini na vyuma vyembamba vya kuchokolea meno vilihamia bandani, nyuma ya nyumba, vikawa vya kuchungulia nyuma ya injini mahali ambapo jicho la mtu halifiki.

Humo bandani waliishi wanne, magari ya mbio ya enzi zile, yale ya watu wawili na buti la kutosha mkoba mmoja. Pilipili alikuwa mwekundu, na mlango wake wa kushoto ulitoka kwenye gari jingine kabisa. Kobe, wa kijani, alikuwa chini mno hata ukiingia unaona umekaa barabarani. Malaika mweupe hakuwa na paa. Na Bundi, wa kijivu, mwenye taa mbili kubwa za mviringo, alinunuliwa akiwa na kuku wanaotaga kwenye kiti cha dereva. Yote Daktari aliyapata yakiwa mizoga, kwa watu waliofurahi kumwona akiwaondolea uchafu uani, akayafufua moja moja kwa mikono yake. Watu wengine wazee hucheza bao. Yeye alifufua magari.

Kilichomfanya ayauze ni msoma mita.

Mita ya umeme ilikuwa sebuleni, ukutani, juu kabisa ya kochi. Nyonga ya Mwalimu ilipoharibika, daktari wa mifupa alimkataza ngazi katakata. Vyumba vya kulala vilikuwa ghorofani, vyote. Basi akahamia kwenye kochi kwa muda, wakasema, na ule muda ukaota mizizi. Yeye akalala chini, mumewe akalala juu, peke yake kwenye kile kitanda kikubwa, akijigeuza kama samaki aliyetupwa mchangani. Asubuhi ile Mwalimu alikuwa amepitiwa na usingizi baada ya kukesha na maumivu, akiwa na gauni la kulalia, kichwa wazi. Msoma mita akagonga, akasukuma mlango, akaingia kama alivyozoea, akainama juu yake na tochi. Mwalimu akafumbua macho, akaona kidevu cha mwanaume asiyemjua.

Hakupiga kelele. Alivuta shuka hadi shingoni, akasema, "Soma vizuri, baba, usije ukakosea."

Yule kijana akasoma, akaomba radhi mara nyingi kuliko ilivyohitajika, akatoka. Ndipo Mwalimu akageuza uso kwenye mto wa kochi akalia, kimya kimya, akidhani mumewe bado yuko juu. Mumewe alikuwa katikati ya ngazi na kiatu kimoja mguuni. Alisimama pale hadi mkewe alipomaliza kulia, kisha akarudi juu kuvaa cha pili, na alipoteremka tena alikuwa ameshakata kauli.

Banda lilishikana na ukuta wa jiko. Ukitoboa mlango, ukaweka dari, dirisha na choo, tayari chumba cha kulala, hakuna ngazi hata moja. Ila banda lilikuwa limejaa magari, na fedha za kujengea zilikuwa ndani ya hayohayo magari. Hesabu ilikuwa nyepesi hata kwa mtu asiyemwoa mwalimu wa hesabu.

*

Mtoto wao mkubwa, Mhasibu, alikuwa na mpango wake mwingine, na aliuleta kila alipokuja.

"Mama aje kwangu. Chumba cha chini kipo, kitanda kipo."

"Kitanda cha watu wangapi?" Mwalimu akauliza.

"Cha mtu mmoja, Mama. Kwani unataka kuja na nani?"

"Na baba yako je?"

"Baba ana magari yake."

Alilisema hilo kwa upole, tena bila ubaya wowote, na ndiyo maana lilichoma. Mhasibu aliwapenda wazazi wake. Aliwapenda kama mtu anavyoipenda mizigo ambayo angetaka kuona imepangwa vizuri, kila mmoja kwenye rafu yake.

"Sitengwi na mume wangu uzeeni kama kuku wa mayai na kuku wa nyama," Mwalimu akasema.

"Sasa nimeamua kuyauza," Daktari akadakia. "Mama yako haendi popote."

Mhasibu akashusha pumzi. "Haya, Baba. Tutaona."

Wa kwanza kuja alikuwa mnunuzi wa vyuma chakavu, na alikuja na mizani. Alimzunguka Pilipili, akamgonga kwa kidole cha kati, akatingisha kichwa kwa kuridhika.

"Mzee, huyu ni mzito. Nitakupa bei nzuri."

"Umeiona rangi yake lakini?"

"Rangi haina uzito, mzee wangu."

Wakafuata vijana wawili, mke na mume, walioomba wakae kidogo ndani ya Malaika. Wakavaa miwani ya jua, wakapigana picha kwa kila pozi, wakaomba kujisaidia, wakapita sebuleni mbele ya Mwalimu aliyekuwa anachanwa nywele na jirani, wakarudi wakapita tena, wakaenda zao. Neno la bei halikuwatoka mdomoni. Kisha akaja mwenye hoteli mmoja, mtu wa kucheka sana, aliyetaka kung'oa injini zote, apande maua humo, ayaweke magari mbele ya lango lake.

"Na mimi nikikung'oa moyo nikupande vitunguu?" Daktari akamuuliza.

Mwenye hoteli akaacha kucheka. Aliondoka na fedha zake, na habari zikamfikia Mhasibu kabla hata vumbi la gari lake halijatulia.

"Baba! Mama analala sebuleni, wewe unachagua wateja?"

"Ninachagua."

"Unachagua nini? Wewe unauza, yeye ananunua, akitaka apande maua, akitaka afugie sungura!"

Daktari aliujua uzito wa maneno ya mwanawe, na kila usiku aliupima akiwa peke yake kwenye kitanda kile. Lakini kuna vitu mtu akivikubali, hata chumba atakachojenga kwa fedha hizo atakuwa anaingia ameinamisha kichwa.

"Lete mtu atakayeyawasha," akasema. "Huyo nitamuuzia hata leo."

Mhasibu akatoa simu yake, akapiga picha magari yote kwa hasira, akayatangaza mwenyewe. Chini ya picha akaandika maneno ambayo hakumuuliza baba yake: *Yote manne yanawaka, njoo usikie mwenyewe.*

Aliamini hivyo kwa moyo mweupe. Mtaa mzima uliamini hivyo. Kila Jumamosi, kwa miaka, waliisikia injini ikinguruma bandani, wiki hii sauti nene ya Bundi, wiki ijayo mlio mkali wa Pilipili, wakasema, yule mzee wa meno magari yake yote mazima.

*

Mnunuzi aliyepiga simu alikuwa mtu wa kazi hiyo hasa. Alitafuta magari ya zamani, akayanyoosha, akawauzia wenye nazo. Alizungumza machache. Angechukua yote kwa mpigo, na bei aliyoitaja ilimfanya Mhasibu akae chini. Sharti lake lilikuwa moja tu: kila gari liwashwe mbele yake, alisikie kwa masikio yake.

"Hakuna shida," Mhasibu akamwambia. "Hata sasa hivi."

Asubuhi ya siku yenyewe Mhasibu alifika mapema, amevaa suruali yake ya ofisini, amechangamka. Akamkuta baba yake ameketi jikoni anakunywa chai iliyokwisha poa. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi, na Mwalimu alikuwa anawasikia wote wawili kutoka kwenye kochi.

"Kuna jambo hukuniuliza," Daktari akasema.

"Jambo gani?"

"Kabureta."

"Imefanya nini kabureta?"

"Ni moja."

Mhasibu akangoja sentensi iendelee. Haikuendelea.

"Moja vipi, Baba? Moja kwa kila gari?"

"Moja kwa magari manne."

Ilikuwa hivi. Zamani kila gari lilikuwa na kabureta yake, kile chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya injini kuvila. Zilipoanza kufa, vipuri vilishaadimika, basi Daktari akawa anachomoa kifaa hiki hapa anakitia pale, anamvua huyu anamvika yule, mpaka ikabaki nzima moja. Mtu mwingine angeliacha gari moja lingurume na matatu yaoze. Daktari hakuweza kuchagua. Akatengeneza vibati vinne vya alumini, akavisugua kwa mashine yake ya meno siku baada ya siku, mpaka kabureta ile moja ikakaa sawasawa kwenye kila injini. Kila Jumamosi ikahamia kwa mwingine. Yeye alishika spana, Mwalimu alikaa kwenye usukani kukanyaga mafuta pale alipoambiwa kanyaga. Hawakumdanganya mtu. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mhasibu alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Nimeandika yanawaka. Nimemwambia mtu hata sasa hivi!"

"Yanawaka," Daktari akasema. "Kwa zamu."

Kutoka sebuleni kikasikika kicheko kifupi cha Mwalimu.

Mhasibu akazunguka jiko lile dogo mara kadhaa. Ghafla akasimama, uso umemng'aa, na sauti yake ikashuka. "Sawa. Sikiliza. Unamsikilizisha la kwanza. Mimi namwingiza ndani, chai, maongezi, Mama anamwuliza habari za safari. Wewe huku unahamisha. Nikisikia umekohoa, namtoa, anasikia la pili. Tena chai. Mpaka yaishe. Anatia sahihi, analipa, anabeba."

"Na akifungua boneti kwake?" Daktari akauliza.

"Akifungua, fedha ziko kwetu."

Aibu ni kwamba Daktari alilifikiria. Alipatazama pale ukutani ambapo mlango wa chumba ungetobolewa, akalifikiria vizuri, na kwa kitambo kidogo mpango ule ukamwingia akilini kabisa. Kisha wakasikia chuma kikigonga sakafu. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia lile fremu lake la kutembelea, anahema.

"Mimi simwulizi mtu habari za safari huku mnamwibia uani."

"Mama, hii yote ni kwa ajili yako!"

"Ndiyo maana nasema. Usiniweke mimi kwenye wizi wako, mwanangu. Nikilala kwenye chumba hicho kila nikigeuka nitamwona yule mtu anafungua boneti anakuta tundu. Afadhali kochi."

"Afadhali kochi," Mhasibu akarudia, kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa. "Mama, akiondoka huyu hakuna mwingine. Utakuja kwangu, upende usipende. Siwezi kukuacha unalala chini ya mita."

Daktari akasimama. Alimimina ile chai baridi kwenye sinki, akaosha kikombe, akakifuta, akakiweka mahali pake. Mkono ulikuwa unatetemeka na hakuuficha.

"Tutayatoa yote nje," akasema. "Boneti wazi, zote."

*

Mnunuzi alipofika alikuta magari manne yamepangwa uani kama wagonjwa kwenye foleni, midomo wazi. Mbele yao kulikuwa na meza ndogo, juu yake sinia ya kliniki, na ndani ya sinia, juu ya kitambaa cheupe, spana, vioo, vyuma vyembamba na kabureta. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye kucha safi kuliko kazi yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kabla hujaniuliza, nikuambie. Kabureta ni hiyo moja. Nitaihamisha mbele ya macho yako, utamsikia kila mmoja. Ukiona haifai, lango lile pale."

Mnunuzi akamtazama Mhasibu. Mhasibu akatazama viatu vyake.

"Haya," Mnunuzi akasema, akavuta kiti. "Nimeshafika."

Pilipili ndiye aliyeanza. Daktari akaikalisha kabureta, akatafuta nati kwa vidole, akachungulia kwa kile kioo, akakaza. Kwa kawaida hapa ndipo angesema "kanyaga", na Mwalimu angekanyaga. Lakini Mwalimu asingeweza kuingia kwenye gari la chini namna ile, na kama angeingia asingetoka. Daktari akageuka.

"Ingia," akamwambia mwanawe.

"Mimi?"

"Una nyonga mbili nzima."

Mhasibu akajikunja akaingia, suruali ya ofisini ikapata alama ya grisi ambayo haikutoka tena. Akazungusha ufunguo. Pilipili akakohoa, akakohoa tena, akapiga kelele kama aliyekanyagwa, na uani pote pakajaa ule mlio. Mnunuzi alifumba macho, akasikiliza, akainua kidole: inatosha.

Kobe akawaka kwa taabu lakini akawaka. Kwa Malaika ndipo mambo yalipotaka kwenda mrama. Mkono wa Daktari ulitetemeka mpaka nati ikamponyoka, ikadondoka ndani, ikapotelea chini ya injini. Akainama. Akachungulia na kioo. Jasho likamtiririka machoni, na mgongo ukamkataa katikati, akabaki ameinama hivyo, hawezi kwenda chini wala kurudi juu. Mnunuzi akaangalia pembeni kwa adabu, na adabu ile ilimuumiza Daktari kuliko kama angecheka.

"Kushoto kwako," sauti ikasema. "Huwa inaangukia kushoto. Siku zote unaitafuta kulia."

Mwalimu alikuwa amefika hadi mlango wa jikoni na fremu lake. Daktari akapeleka chuma chake kushoto, akaisikia nati, akaivuta. Akajikaza, akanyooka kidogo kidogo, akaifunga. Malaika akawaka kwa mara ya kwanza tu bila kukohoa, na Mhasibu, kule kwenye usukani, akacheka kwa sauti kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

Bundi akawa wa mwisho, na ngurumo yake ilitikisa sinia mezani. Alipozimwa, sinia nayo ikatulia. Mnunuzi akasimama, akafuta suruali yake.

"Nimesikia. Sasa tuongee. Nilikuja kununua magari manne yanayotembea. Hapa lipo moja. Huyu wa kijivu nitakupa bei yake kamili. Hao watatu ni vyuma tu, nitawachukua kwa bei ya vyuma."

Mhasibu akafungua mdomo. Baba yake akamzuia kwa mkono. Akashika spana, akamfungua Bundi pale pale, bila haraka, akaichomoa kabureta ikiwa bado ya moto, akaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kwenye kiganja cha Mnunuzi.

"Shika. Niambie, lipi bovu?"

"Mzee, wewe unajua ninachosema."

"Na wewe unajua ulichosikia. Iweke unapotaka. Utakapoiweka, hapo ndipo pazima. Kisha uniambie vyuma ni vipi."

Mnunuzi akatazama kabureta, akatazama magari, akatabasamu kidogo kama mtu aliyeshikwa mkono ndani ya sufuria. Lakini biashara ilikuwa kazi yake, na alikuwa na neno moja la akiba, lile ambalo bila shaka lilishamsaidia kwa wazee wengine.

"Tuseme ukweli, mzee. Mkono wako huo, macho yako hayo. Atakuja nani mwingine? Mimi ningengoja tu kidogo, yote haya ningeyapata kwa mjane, kwa bei ya kutupa."

Daktari alihisi damu ikimpanda usoni, akaiweka spana kwenye sinia.

"Mjane ndiye mimi hapa," Mwalimu akasema kutoka mlangoni.

Mnunuzi akageuka. Alikuwa amemsahau kabisa.

"Unisikilize vizuri, mwanangu. Huyu ni mpole, anauza kwa sababu ananipenda. Siku utakapokuja kununua kwangu, bei yangu ni mara mbili ya yake. Na nitakufundisha hesabu yake ubaoni mpaka uielewe. Nakushauri ununue leo, huyu akingali hai."

Mhasibu aliufunika uso wake kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatetemeka, na haikujulikana mara moja kama ni aibu au kicheko. Mnunuzi akasimama na ile kabureta mkononi, masikio yamemwiva. Kisha akamwinamia Mwalimu.

"Nisamehe, mama. Nimekosa adabu."

"Umekosa. Sasa taja bei."

Akaitaja, ile ya kwenye simu. Daktari mwenyewe akaipunguza kwa thamani ya kabureta tatu ambazo hazikuwepo, kwa haki, wala si kwa huruma. Wakapeana mikono. Mkono wa Daktari ulitetemeka ndani ya mkono wa Mnunuzi, na safari hii hakuna aliyetazama pembeni.

*

Lori la kubebea magari lilikuja baada ya siku chache. Watatu walivutwa juu kwa waya. Bundi alikuwa amerudishiwa kabureta, na Daktari akaufungua mlango wake akaingia.

"Baba, ulikubali hutaendesha tena," Mhasibu akasema.

"Nilikubali barabarani. Lori si barabara."

Akampandisha mwenyewe, polepole, kwenye zile mbao mbili nyembamba, watu wa lori wakimwelekeza kwa mikono na yeye hawatazami. Akazima. Alikaa humo ndani muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Alipoteremka macho yalikuwa mekundu, akasema ni moshi. Lori likaondoka. Moyo wake ulikuwa mzito kama jiwe, na aliuachia uwe mzito, kwa sababu alikuwa amewapenda wale wanne na hakuona sababu ya kujifanya hakuwapenda.

Banda likabaki tupu. Lilikuwa kubwa kuliko walivyolikumbuka, lina madoa meusi manne sakafuni na harufu ya petroli iliyokolea ukutani. Mafundi wangeanza juma lijalo. Mhasibu akajifuta mikono, akaangalia saa yake.

"Mama, vitu vyako nimeshavitia kwenye gari. Ni kwa muda tu, mpaka wamalize. Vumbi la saruji halitakufaa."

Mwalimu alikuwa anatembea. Alitoka jikoni, akapita uani na fremu lake, tak, tak, hatua moja na pumzi mbili, akakataa kushikwa, mpaka akaingia bandani. Akasimama katikati. Akatazama juu, akatazama pembeni, kama mtu anayekagua darasa kabla ya mtihani.

"Kitanda kitakaa hapa."

"Ndiyo, Mama, wakimaliza."

"Leo."

"Leo? Mama, hakuna dari. Hakuna dirisha. Hii harufu!"

"Harufu hii nimeifua kwenye mashati ya baba yako ujana wangu wote. Mlango upo, unafungwa kwa ndani. Mafundi wakija watanikuta humu, watajenga wakinizunguka. Shusha vitu vyangu."

Mhasibu akamgeukia baba yake, apate msaada. Hakupata.

"Sawa," akasema hatimaye. "Sawa. Nilete lile kochi?"

"Kochi la nini? Kitanda. Kile cha juu."

"Kile kikubwa? Mama, kile hakipiti kwenye ngazi!"

"Kilipita kupanda," Daktari akasema, na tayari alikuwa ameshika spana.

Wakakifungua ghorofani, baba na mwana, wakakishusha vipande vipande. Ubao wa kichwani ulikwama kwenye kona ya ngazi, na Mhasibu akaanza kusema neno, akamwona baba yake mzee amebeba upande wake kwa bega, anatabasamu kama bwana harusi, akaona haya, akalimeza, akanyanyua. Bandani wakakiunga tena juu ya madoa ya oili. Mwalimu aliketi ukingoni kwenye mbao tupu, kabla hata godoro halijawekwa, akauzungusha mkono wake kwenye nguzo ya kitanda. Daktari alikuwa amepiga magoti miguuni pake, spana inamcheza mkononi, anatafuta bolti ya mwisho.

"Imeshika?" mkewe akamuuliza.

"Imeshika."

"Kaza tena," Mwalimu akasema. "Maana mimi hapa sihami."